Mwenye nyumba anadaiwa nyumba inayofaa kukaliwa, hata kama hamkuandikishana: kifungu cha 88 na vyumba vyetu vya kupanga

Mleta uzi:

Wakuu, habari za wakati huu.

Masika yakianza, malalamiko ya wapangaji hubadilika sura. Kiangazi watu wanatuletea sisi wasaidizi wa kisheria habari za kodi kupanda na notisi za kuhama. Mvua ikishika, wanakuja na picha kwenye simu: dari imeshuka, ukuta umelowa mpaka usawa wa kitanda, shimo la choo limejaa na linafurika uani, swichi inapiga shoti. Ukimwuliza mhusika amechukua hatua gani, jibu ni lilelile hapa Dar es Salaam, kutoka Mbagala hadi Tegeta: "Nilimwambia mwenye nyumba, akasema kama hupapendi, hama."

Naandika kwa sababu ya jibu hilo. Limerudiwa mpaka wapangaji wengi wameamini kuwa ndiyo sheria yenyewe: nyumba ni ya kwake, kwa hiyo kuitengeneza au kuiacha ni hiari yake. Sivyo ilivyoandikwa.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara, Sura ya 113, ilitungwa mwaka 1999 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kifungu chake cha 88 kinataja ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amempa mpangaji katika kila upangishaji, uwe wa fleti ya Masaki au wa chumba cha Tandale. Ahadi hizo zimo hata kama mkataba haukuzitaja. Zimo hata pale ambapo hakuna karatasi yoyote, mlikubaliana kwa mdomo mbele ya dalali mkapeana funguo, maana sheria hiyohiyo inautambua upangishaji wa mdomo kama ni wa mwaka mmoja au chini ya hapo.

Iliyo nzito kuliko zote ni hii: nyumba, fleti au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Wenye nyumba wengi wanaishia kwenye nusu ya kwanza. Wanakwambia ulikuja ukaona, ukaridhika, ukalipa, basi. Nusu ya pili ndiyo inayowabana. Chumba kilichokuwa kikavu Januari kikaanza kuvuja Aprili, bila wewe kugusa bati, bado ni deni la aliyekupangisha.

Ahadi nyingine ukiisoma utadhani aliyeiandika alikuwa amekaa kwenye nyumba ya Kiswahili. Inasema inapopangishwa sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye anayetunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya majitaka, na vitu na njia zinazotumiwa na wote. Sasa iweke sheria hiyo kwenye nyumba zetu za vyumba sita, korido katikati, uani choo kimoja, bafu moja, bomba moja, mita moja ya umeme ya LUKU. Wewe umepanga chumba. Kenchi iliyoliwa na mchwa juu ya korido si yako. Ukuta wa choo ulioinama si wako. Mfuniko wa shimo uliopasuka, ambao watoto wanaurukaruka kila jioni, si wako wala si wa jirani yako wa chumba cha pili. Huo mfuniko unanitia hofu kuliko kitu chochote kwenye nyumba hizi, na ndicho kitu wapangaji wanachokizoea upesi zaidi.

Kuna suala la kuchangia kunyonya choo. Shimo likijaa kwa matumizi ya kawaida, wapangaji wengi wanachanga na kuita gari, na sioni ubaya mkikubaliana hivyo tangu mwanzo. Lakini shimo linalojaa kila baada ya wiki chache kwa sababu ni dogo kwa idadi ya vyumba alivyoongeza, au limebomoka ndani, au linaingiza maji ya mvua, hilo ni jengo bovu. Kuwachangisha watu kila mwezi kwa ubovu wa jengo ni kuwahamishia mzigo ambao sheria imempa yeye.

Kisha ipo ahadi ambayo watu wa bonde la Msimbazi, Jangwani na Kigogo walipaswa kuambiwa zamani. Ikiwa nyumba imeharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko, dhoruba, tetemeko au balaa la namna hiyo, na si kwa uzembe wa mpangaji, hadi haifai kukaliwa yote au sehemu, basi kodi, au kiasi chake kinacholingana na uharibifu, inasimama mpaka pale panapofaa tena. Na ikipita miezi sita hapajafaa, mpangaji anaweza kuuvunja upangaji kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Nawafahamu watu waliotolewa na maji usiku, wakalala kwa ndugu, na mwisho wa mwezi wakalipa kodi ya chumba kilichojaa tope kwa kuogopa kupoteza nafasi. Kwa usomaji wangu, aliyekuwa amelipa miezi sita mbele ana haki ya kudai hesabu ya ile miezi ambayo chumba hakikukalika.

Kuna pia ahadi ya kukaa kwa utulivu. Unalipa kodi, unatimiza yako, basi mwenye nyumba hana ruhusa ya kukuvuruga. Kukata umeme ili uhame, kung'oa mlango, kuezua bati "kwa matengenezo" yasiyoisha, vyote vinagongana na ahadi hiyo.

Mpangaji naye amefungwa, kwa kifungu cha 89. Alipe kodi kwa wakati, atunze jengo liwe katika hali nzuri ya kuridhisha, amruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua na kutengeneza kwa muda muafaka akishaarifiwa, na akiondoka arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na majanga yasiyotokana naye. Ukivunja kioo, ukiziba sinki kwa mabaki ya chakula, ukiunga waya wa jiko kiholela ukaunguza soketi, hiyo ni yako. Sitamtetea mtu kwa hilo, na nimeshawaambia hivyo waliokuja mezani wakitaka nibebe kesi ya namna hiyo.

Sasa niseme panaponiuma. Sheria imetaja wajibu, lakini haikuweka orodha ya nini hasa ni "kufaa kukaliwa", wala haikusema paa litengenezwe ndani ya siku ngapi. Hakuna mkaguzi anayezunguka kuangalia vyumba kabla havijapangishwa. Zamani tulikuwa na sheria ya udhibiti wa kodi, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1984, yenye mabaraza yake ya nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Ilikuwa na matatizo yake, sikatai, na wapo waliofurahi ilipoondoka. Ila ilipoondoka, mpangaji wa kawaida alibaki bila chombo kilichokuwa chake hasa.

Juu ya hapo kuna kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Watu huizungumzia kama tatizo la kutafuta fedha nyingi kwa mkupuo, na kweli ni tatizo. Kubwa zaidi ni kwamba inaondoa sababu ya mwenye nyumba kukusikiliza. Ameshapokea, amenunua tofali, amelipa ada za watoto. Wewe ukilalamika mwezi wa pili, hana anachokipoteza mpaka mwezi wa saba. Kwa hiyo wakati wa kudai matengenezo ni kabla ya kutoa fedha. Pita na mwenye nyumba au dalali chumba kwa chumba, washa taa zote, fungua bomba, mwaga ndoo ya maji bafuni uone yanaelekea wapi, tazama dari kama ina madoa ya kahawia, sukuma madirisha. Piga picha. Kisha andikeni kwenye mkataba yale aliyoahidi kurekebisha na tarehe yake.

Tena mkataba huo ulipiwe ushuru wa stempu. Wengi hawajui kuwa hati isiyolipiwa stempu inaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi mpaka ilipiwe, na siku hiyo ndipo mtu anaanza kuhangaika mamlaka ya mapato, TRA, akiwa na kesi mkononi.

Ukishaingia na ubovu ukajitokeza, mwambie kwa maandishi. Ujumbe wa simu unasaidia, barua ni bora. Eleza kitu kilichoharibika, tangu lini, kinakudhuru vipi, na unaomba kitengenezwe kufikia tarehe gani. Ambatisha picha. Asipojibu, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti amwite. Nimeona mambo mengi yakiisha hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mwenye nyumba hapendi kuitwa mbele ya majirani zake kuelezwa kuwa choo chake kinamwaga kinyesi barabarani.

Ikiwa ubovu unagusa afya, yaani choo, majitaka, maji machafu yaliyotuama, msongamano, mwone afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaipa halmashauri uwezo wa kutoa amri ya kuondoa kero ya namna hiyo, na anayekaidi anaweza kufikishwa mahakamani. Bwana afya akija na karatasi yenye muhuri, mwenye nyumba aliyekuwa "yuko safari" huonekana.

Yote yakishindikana, kuna njia ya mgogoro wa ardhi. Unaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena, kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa linatoa uthibitisho kuwa limeshindwa, na zikipita siku 30 bila suluhu unaruhusiwa kuendelea hata bila uthibitisho huo. Ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kabla hujafungua, kaa na wakili au msaidizi wa kisheria, kwani madai ya fedha tupu kati ya mpangaji na mwenye nyumba yamewahi kubishaniwa kama ni mgogoro wa ardhi au ni mkataba wa kawaida wa kupelekwa mahakama za kawaida. Ukianzia pasipo pake unapoteza miezi.

Na tafadhali, usiache kulipa kodi kwa hasira. Nalirudia hili kwa kila anayekuja. Ukiacha kulipa, unampa sababu ya kukutoa, na hoja yako nzuri ya paa inazikwa chini ya hoja yake ya kodi. Mkitaka wewe utengeneze ukate kwenye kodi, kubalianeni kwa maandishi, na kiasi kitajwe, kabla fundi hajapanda juu.

Karibuni tuchangie. Mwenye swali aulize.

Mpangaji wa Sinza:

Asante sana kwa uzi. Mimi nimepanga chumba na sebule. Ukuta wa chumbani umeota fangasi weusi kuanzia chini kwenda juu. Mwanangu anakohoa usiku, akienda kwa bibi yake Kibaha anapona. Mwenye nyumba anasema ni kwa sababu nafunga madirisha na kuanika nguo ndani. Ni kweli wakati wa mvua naanika ndani, nianike wapi? Je, hili nalo linaingia kwenye hicho kifungu?

Mleta uzi:

Pole dada, na pole kwa mtoto. Kwa maoni yangu linaingia, na kwa nguvu.

Angalia fangasi wanaanzia wapi. Mvuke wa nguo na kupika hupanda, hukaa zaidi kwenye dari, pembe za juu na nyuma ya kabati. Ukuta unaolowa kuanzia chini, plasta ikawa inapukutika na kuacha unga mweupe wa chumvi, mara nyingi unanyonya maji kutoka ardhini, ama kwa sababu msingi haukuwekwa kizuizi cha unyevu, ama maji ya mvua yanatuama nyuma ya nyumba, ama bomba linavuja ndani ya ukuta. Hakuna dirisha litakalokausha hilo. Kupaka rangi juu yake ni kuahirisha tu.

Fanya hivi: piga picha yenye tarehe, zunguka nje uone ukuta huo huo una nini upande wa pili, na ukienda hospitali mweleze daktari kuhusu chumba ili aandike kwenye kadi ya mtoto. Karatasi ya daktari na picha za ukuta zikikaa pamoja zinaongea vizuri kwenye ofisi yoyote. Kwa sasa mhamishie mtoto sebuleni kama kule ni pakavu.

Mdau wa Leicester:

Wakuu, niongeze la huku Uingereza kwa sababu linafanana na la dada wa Sinza. Desemba 2020, mji wa Rochdale, mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab Ishak alifariki kwa tatizo la kupumua lililotokana na kukaa muda mrefu kwenye fleti yenye fangasi. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara nyingi, wakawa wanaambiwa tatizo ni namna wanavyoishi. Uchunguzi wa kifo ulipotoka Novemba 2022, nchi nzima ilishtuka. Ikatungwa sheria inayoitwa kwa jina lake, imeanza tarehe 27 Oktoba 2025 kwa England, kwenye nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Fangasi na unyevu wa hatari vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na pakishaonekana hatari, pafanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Wakishindwa, wawatafutie familia mahali pengine pa kukaa.

Waswahili tuliopo huku tuna tabia ya kunyamaza kwa kuogopa mambo ya vibali. Kulalamikia ukuta wenye fangasi hakugusi kibali chako.

Mleta uzi:

Asante mkuu. Hizo saa na siku ndizo zinazokosekana kwetu. Mtoto hakupaswa kufa ndipo zipatikane, lakini kwa kuwa zipo, wabunge wetu wanazo pa kutazama. Tunayo ahadi kwenye kifungu cha 88 tangu 1999. Wakenya nao wameweka karibu maneno yaleyale kwenye kifungu cha 65 cha Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012. Kote kuwili mpangaji anaambiwa ana haki, haambiwi aisubiri mpaka lini.

Mwenye Nyumba Mbagala:

Nimesoma yote. Mimi nimejenga kwa kiinua mgongo changu, vyumba vinane, na kodi ninayopokea kwa chumba ni ndogo. Mnazungumza kama vile sisi wote ni matajiri. Mpangaji anaingia wawili, baada ya mwaka wako sita chumba kimoja. Pampasi zinatupwa chooni. Nikisema nitengeneze kila kitu kwa viwango mnavyotaka, itabidi nipandishe kodi, na mtalalamika tena. Je, hata mimi wa vyumba vya bei ya chini sheria hiyo inanihusu?

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kuja kuzungumza nasi. Wengi wenye hoja kama yako hawaji.

Jibu la moja kwa moja: inakuhusu. Kifungu kimetaja nyumba, fleti au chumba, hakikuweka kiwango cha kodi. Lakini tazama kinachodaiwa. Hakuna sheria inayokutaka uweke jipsamu na vigae. Unatakiwa paa lisivuje juu ya watu, kuta zisimame, choo kifanye kazi, umeme usiue, maji machafu yaende yanakotakiwa. Kwenye vyumba vinane hivyo, ukitenga sehemu kidogo ya kodi kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, hutafika mahali pa kuezua paa zima kwa mkupuo mmoja. Bati moja likitoboka na kuachwa linaozesha kenchi tatu.

Kuhusu pampasi na watu sita kwenye chumba kimoja, hapo sheria iko upande wako. Andika kwenye mkataba idadi ya watu na matumizi ya choo. Mpangaji aliyeziba choo kwa pampasi alipe yeye. Shida ni kwamba bila mkataba wa maandishi huwezi kuthibitisha ni chumba kipi, na unaishia kuwachangisha wote, wema na wabaya.

Fundi wa Buguruni:

Naomba niseme la umeme, maana ndiyo kazi yangu na hapa ndipo watu wanapokufa.

Nyumba nyingi za kupanga zilifungwa waya kwa ajili ya taa na redio. Leo chumba kimoja kina friji, pasi, birika, feni na televisheni, vyote kwenye soketi moja yenye tawi. Waya wa taa wa milimita 1.5 unabebeshwa mzigo ambao hata ule wa 2.5 wa soketi ungeuhisi. Unapata moto, breka inajikata. Sasa badala ya kuangalia waya, mwenye nyumba au kishoka, yaani fundi asiye na leseni, anaweka breka kubwa zaidi. Breka ilikuwa inakuonya, umeinyamazisha, kinachofuata ni waya kuungua ndani ya dari.

La pili ni ethi. Ile fimbo iliyochimbiwa chini wakati wa ujenzi, waya wake umeshakatika au umeibwa. Friji likivuja umeme, haupati njia ya kwenda ardhini, unakusubiri wewe uliyelowa miguu. Ukuta wa bafu ukikutekenya ukiugusa, usioge. Zima swichi kubwa, ita fundi. Kipo kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, cha miliampea 30, kinawekwa pale kwenye breka. Ukilinganisha na gharama za msiba, bei yake ni ndogo mno.

Watu wanakimbilia shirika la umeme, TANESCO. TANESCO wanaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani ni waya wa mwenye nyumba, na anayefunga anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Mpangaji una haki ya kuuliza hiyo leseni.

Mleta uzi:

Fundi umemaliza kila kitu. Naongeza moja tu linaloambatana na moto: nondo za madirishani. Tunaweka nondo kwa ajili ya wezi, tena zimechomelewa moja kwa moja, na mlango ni mmoja unaotokea kwenye korido. Korido ikishika moto, aliye chumbani hana pa kutokea. Dirisha moja la kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani kwa komeo au kufuli, ufunguo ukae karibu, na watoto wakubwa wajue ulipo. Mwombe mwenye nyumba, fundi wa kuchomelea anaifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Namba ya Zimamoto ni 114.

Na jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama baridi ya Mbeya imekaba. Hilo halina mwenye nyumba, ni letu wenyewe.

Majengo yanapoanguka, kama lile la katikati ya jiji la Dar es Salaam mwaka 2013 lililoua watu 36, au la Kariakoo Novemba 2024, taifa zima husimama na tume huundwa. Mtu aliyepigwa shoti bafuni Manzese hazungumziwi hata redioni. Ndiyo maana nayasisitiza haya madogomadogo.

Mdau wa Unguja:

Hicho kifungu cha 88 na sisi huku kinatuhusu?

Mleta uzi:

Hapana ndugu yangu. Ardhi si jambo la Muungano, na Sheria ya Ardhi Sura ya 113 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar mna sheria zenu za ardhi na upangishaji. Nitafurahi wakili wa huko akifungua uzi wake, nisije nikakupoteza.

Mpangaji wa Sinza:

Nimetumiwa ujumbe tena leo kuwa kama nalalamika nihame. Naomba mfano wa barua, mimi sijui pa kuanzia.

Mleta uzi:

Chukua hii, badilisha yanayokuhusu. Iwe fupi, isiwe na matusi wala vitisho, kwani huenda ikasomwa na mtu wa tatu.

"Kwa mwenye nyumba. Yah: Ombi la matengenezo ya chumba ninachopanga. Nimepanga chumba na sebule katika nyumba yako tangu mwezi fulani, na kodi nimelipa hadi mwezi fulani. Tangu tarehe fulani ukuta wa chumba cha kulala umelowa kuanzia chini na kuota fangasi. Nilikuarifu kwa ujumbe wa simu tarehe fulani. Mtoto wangu ametibiwa kwa kikohozi, nakala ya kadi nimeiambatisha pamoja na picha nne za ukuta. Kwa mujibu wa kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, nyumba inatakiwa kuendelea kufaa kukaliwa muda wote wa upangaji. Naomba fundi aje kuangalia chanzo cha unyevu ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Nipo nyumbani kila siku baada ya saa 11 jioni na Jumamosi kutwa. Nakala: Ofisi ya Serikali ya Mtaa; Afisa Afya wa Kata."

Hizo siku 14 hazikuwekwa na sheria, ni muda tu ambao mtu yeyote atauona wa haki kwa ukuta. Kwa waya unaopiga shoti andika leo hii hii.

Toa nakala mbili. Moja abaki nayo, ya pili asaini kuwa ameipokea na aweke tarehe. Akikataa kusaini, usibishane naye. Ipeleke ofisi ya mtaa, waigonge muhuri wa kupokelewa, nawe uondoke na nakala yako.